Filamu za kutisha: zimwi letu lisiwe tena mama mzee wa jirani

Jioni, katika miji yetu, vijana wanapitishiana kwa telefone filamu fupi za kutisha zilizotengenezwa hapa hapa kwetu, Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi. Kamera ni telefone, taa ni telefone ingine, wachezaji ni marafiki wa avenyu moja. Kazi inafanywa kwa moyo, na kila mwaka picha inakuwa safi zaidi. Hadithi ndiyo haibadiliki. Mtoto anaugua, duka linaanguka, bibi arusi hapati mimba. Mchungaji anaingia, anafumba macho, anatetemeka kidogo, kisha ananyoosha kidole. Na karibu kila mara kidole kinaishia kwa mama mzee, mjane, anayekaa peke yake nyuma ya parsele.

Hatuandiki haya ili kuwaambia vijana waache filamu za kutisha. Tungependa ziwe nyingi zaidi, tena zitoke kwenye telefone ziende kwenye televisheni: mfululizo mzima, kila juma hadithi mpya na watu wapya, inayoanza na kuisha jioni ile ile. Watu wetu wanapenda kuogopa wakiwa wamekaa pamoja. Lakini kabla kamera haijawashwa, mwandishi lazima aamue zimwi ni nani. Huko Marekani kuna mwandishi aliyelijibu swali hilo zaidi ya miaka 60 iliyopita, na njia iliyomfikisha kwenye jibu lake inatuhusu, kwa sababu waliomsukuma huko ni watu waliokuwa wakimlipa.

Rod Serling alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la New York, katika familia ya Kiyahudi. Alipigana Ufilipino wakati wa Vita Kuu ya Pili akiwa mwanajeshi wa mwavuli, akajeruhiwa huko. Aliporudi aliandikia redio, kisha televisheni, na katikati ya miaka ya 1950 alikuwa tayari ana tuzo ya Emmy na jina linalojulikana katika nchi nzima.

Agosti 1955, katika jimbo la Mississippi, kijana mweusi wa miaka 14 aitwaye Emmett Till, aliyekuwa ametoka Chicago kutembelea ndugu zake, alichukuliwa usiku na wazungu, akateswa na kuuawa. Wanaume wawili wakashitakiwa. Baraza la wazungu watupu likawaachilia huru baada ya mazungumzo ya saa moja hivi. Miezi michache baadaye, wakijua kwamba sheria haiwezi kuwashitaki tena kwa kosa lile lile, walikiri katika gazeti kwamba wao ndio waliomuua.

Serling alitaka kuandika juu ya jambo hilo. Si juu ya wauaji wenyewe tu, hasa juu ya mji mdogo unaojua ukweli na unaamua kufunga mlango.

Wakati ule televisheni ya Marekani ilikuwa na desturi yake. Kampuni moja ya biashara iliweza kulipia kipindi kizima, jina lake likawekwa katika jina la kipindi, na mkono wake ukafika mpaka kwenye maandiko. Kipindi cha Serling kililipiwa na kampuni ya chuma, U.S. Steel. Yeye mwenyewe alijua hatari. Hakuthubutu kumweka mtu mweusi kuwa aliyeuawa. Aliandika mzee wa Kiyahudi katika mji wa Kusini. Hata hivyo habari ilivuja kwamba hadithi inatokana na kifo cha Till, na vyama vya wazungu wabaguzi vikaanza kutisha kususia bidhaa za kampuni. Mkasi ukaanza. Mzee Myahudi akageuzwa kuwa mgeni asiye na kabila. Mji ukahamishwa kutoka Kusini na kupelekwa New England, kaskazini kabisa. Chupa za Coca-Cola zikaondolewa katika picha, eti zinakumbusha Kusini! Kipindi kikaonyeshwa Aprili 1956 kwa jina la Noon on Doomsday, na hakuna aliyeelewa kilikuwa kinamsema nani.

Serling hakukata tamaa mara moja. Mwaka 1958 alijaribu tena, katika kipindi kingine na kwa kituo cha CBS. Safari hii walimrudisha nyuma karibu miaka 90, jangwani, na aliyeuawa akawa Mmeksiko. Ili msomaji aone kwamba hayakuwa bahati mbaya ya mtu mmoja: mwaka 1959 kituo hicho hicho kilionyesha mchezo wa mwandishi mwingine juu ya kesi ya mahakimu wa Wanazi kule Nuremberg. Kipindi kililipiwa na chama cha wafanya biashara wa gesi. Kila mchezaji alipotaja gesi iliyoua Wayahudi, sauti ilizimwa.

Mwaka huo huo Serling alileta mfululizo wake mwenyewe, The Twilight Zone. Jina linataja ile saa ya magharibi, jua limezama na giza halijafika bado. Ulianza tarehe 2 Oktoba 1959. Siku chache kabla, mwandishi wa habari Mike Wallace alimhoji katika televisheni na kumuuliza kama basi ameacha kuandika mambo mazito. Serling akakubali kwamba hatagusa tena matatizo ya jamii ya wakati ule. Alisema hivyo akiwa na sigara mkononi, uso mkavu. Wadhamini wakalala usingizi.

Hapo ndipo alipowapita. Kwa miaka mitano, sehemu 156, na yeye mwenyewe akiziandika 92, aliweka katika vinywa vya viumbe wa sayari zingine, vizuka na wanasesere yale ambayo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuyasema kwenye televisheni. Baadaye alieleza bila kuficha: mwanasiasa wa chama fulani haruhusiwi kutamka neno, lakini mtu wa Mars akitamka neno lile lile hakuna anayepiga simu kulalamika.

Sehemu moja tunataka kuieleza polepole. Ilionyeshwa tarehe 4 Machi 1960 na inaitwa The Monsters Are Due on Maple Street. Ni avenyu ya kawaida, jioni, watoto wanacheza, mtu anaosha gari lake. Mwanga mkali unapita angani, kisha umeme unakatika. Telefone zimekufa, magari hayawaki. Mtoto mmoja aliyesoma hadithi za picha anasema kwamba viumbe wa angani, kabla ya kushambulia, hutuma kwanza familia inayofanana na watu ili ikae kati yao. Wakubwa wanacheka. Kisha gari la jirani mmoja linawaka lenyewe. Hawacheki tena. Mmoja anakumbuka kwamba jirani huyo husimama nje usiku akitazama nyota. Wanakuja kwenye uzio wake. Yeye anajibu kwamba halali vizuri, basi. Lakini saa hiyo jibu lolote ni ushahidi. Giza linapoingia, mtu anaonekana akija kwa miguu kutoka mwisho wa avenyu. Bunduki inalia. Aliyekufa ni jirani yao, alikuwa amekwenda kuangalia kama avenyu ya pili ina umeme. Kisha taa inawaka katika nyumba ya aliyepiga risasi, na mawe yanaanza kurushwa upande wake.

Mwishoni tunaonyeshwa viumbe wawili juu ya kilima. Kazi yao yote ni kuzima na kuwasha taa. Mengine watu wanayafanya wenyewe.

Nani kati yetu anahitaji kueleweshwa hadithi hiyo? Katika kartye zetu umeme unakatika, nyumba moja inabaki na mwanga, na kabla ya saa kupita watu wameshaanza kuuliza amepata wapi pesa ya jenereta, anafanya kazi na nani, watu wanaoingia kwake usiku ni wa wapi, lugha wanayosema ni ipi. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, tuliona uvumi ukitembea haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Walioambiwa kwamba waganga ndio wanaoleta kifo waliwashambulia waganga, na Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo. Mwaka 2021, katika Kivu Kusini, Kalehe ikiwemo, kina mama walioitwa walozi walichomwa moto na umati. Watu wameuawa barabarani kwa sababu ya pua, kwa sababu ya urefu, kwa sababu ya jinsi wanavyotamka neno. Hiyo ndiyo Maple Street yetu, na haina haja ya kiumbe yeyote kilimani. Au anaye, ila huyo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Ndiyo maana filamu ya mama mzee inatuuma. Inawaambia watazamaji kwamba umati ulikuwa na haki. Kidole cha mchungaji kinapoonekana katika picha kuwa kimesema kweli, mama mmoja wa kweli katika kijiji fulani anabaki bila mtetezi. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Watoto waliofukuzwa nyumbani kwa jina la ulozi bado wanalala sokoni, na filamu inayoonyesha mtoto akila nyama ya watu usiku bado inachekelewa katika ukumbi wa video. Mwandishi wa filamu hiyo atasema, lakini ni mchezo tu. Mtoto anayelala sokoni haoni mchezo hapo.

Mtu atatuuliza kama basi tunakataa kwamba ulozi upo. Hatuingii katika ubishi huo hapa. Kila mtu ana imani yake na nyumba yake. Tunachosema kinahusu kamera. Hofu ya kuitwa mulozi ni hofu kubwa kuliko hofu ya mulozi, na hakuna filamu yetu ya avenyu tuliyoona ikiigusa. Mtu anaamka asubuhi, anawasalimia majirani, hawaitiki. Watoto wanaondolewa njiani anapopita. Kisimani ndoo yake inawekwa pembeni. Anajua nini kinakuja na hana pa kukimbilia. Mtazamaji akiwekwa ndani ya ngozi ya mama huyo kwa dakika 30, hatalala.

Aliyejaribu upande huo kwa kiwango kikubwa ni mwana wa Lubumbashi, Baloji, katika filamu yake Augure ya mwaka 2023, iliyopata tuzo ya sauti mpya katika sehemu ya Un Certain Regard huko Cannes. Kijana anarudi kutoka Ulaya na mchumba wake mzungu ili atoe mahari. Alizaliwa na alama usoni, ana kifafa, na toka utotoni familia imemwita zabolo. Anapewa mtoto mchanga ambebe, damu inamtoka puani, inamdondokea mtoto. Yanayofuata ni ya kutisha kweli, na katika tukio lile lote wanaotisha ni shangazi na wajomba. Filamu imegawanywa kwa watu wanne, kila mmoja na hukumu yake, na ndani yake Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa na Lingala. Anayejua lugha zetu ataona pia kwamba jina la mwenye filamu lenyewe ni mzigo: baloji ni walozi. Mtu aliyebeba jina hilo toka utotoni anajua anachokisema.

Lakini Augure ni filamu moja ya sinema, yenye fedha za Ulaya. Je, mfululizo unawezekana hapa, juma kwa juma? Serling anafundisha pia upande wa mfuko. Maple Street ulikuwa mtaa wa uongo uliokuwepo tayari katika studio za MGM, uliojengwa kwa ajili ya filamu zingine. Walioufanyia kazi walikuta nyumba zimesimama. Katika msimu wa pili kituo kilipotaka gharama zipungue, sehemu sita zilirekodiwa kwa ukanda wa video badala ya filamu ya kawaida, na picha yake ilikuwa mbaya, hilo tukubali. Hadithi ilibaki imesimama. Avenyu moja, umeme uliokatika, watu kumi na hofu yao. Sisi avenyu tunayo, na ukosefu wa umeme hatuhitaji kuuigiza.

Tatizo letu la fedha ni lingine. Huku kwetu anayelipia filamu yenye kusema jambo la jamii ni nadra awe kampuni ya chuma. Ni shirika, ONG, mradi wa miezi sita wenye karatasi ya malengo. Na shirika nalo lina mkasi wake. Linataka ujumbe uonekane. Linataka katika dakika ya mwisho chifu wa kartye asimame aseme kwamba uvumi ni mbaya, kisha majirani wapeane mikono, kisha alama za wafadhili zipite. Mwandishi wa mistari hii amekaa katika mikutano ya namna hiyo na ameona mwisho mzuri wa kutisha ukibadilishwa kwa sababu ulikuwa hauleti matumaini. Hakuna aliyeudhika, chai ilikunywewa, na filamu ikafa. Mchungaji anatengeneza filamu ya uongo inayoogopesha kweli; shirika linatengeneza filamu ya kweli isiyomwogopesha hata mtoto. Kati ya hizo mbili, watu wanachagua ya mchungaji, na wana sababu.

Serling mwenyewe aliona mwisho wa mtu asiye na nguvu juu ya maandiko. Kati ya 1969 na 1973, kituo cha NBC kilionyesha Night Gallery, mfululizo wa hadithi za kutisha kabisa, yeye akiwa ndiye anayesimama mbele ya kila picha na kuifungua. Uso ulikuwa wake, maamuzi hayakuwa yake. Maandiko yake yalikataliwa au yakabadilishwa na wakubwa wa kipindi, na alilalamika hadharani. Alikufa Juni 1975 baada ya kupasuliwa moyo, akiwa na miaka 50.

Tusimfanye mtakatifu. Katika miaka yote mitano watu weusi walikuwa wachache sana katika The Twilight Zone. Sehemu kama The Big Tall Wish ya mwaka 1960, yenye wachezaji wakuu weusi, ilikuwa ya pekee. Na kuna siku alihubiri kama mchungaji. Mwaka 1964 aliandika juu ya mji ambao jua linakataa kuchomoza siku mtu anaponyongwa, na giza likaenea mpaka Birmingham, Dallas na Berlin, mahali pote penye chuki. Wazo ni kubwa, lakini katika nusu ya pili kila mtu anatoa hotuba. Hofu ikianza kujieleza inakuwa somo.

Kosa lingine liko upande wa pili, na hilo linatugusa zaidi. Mwaka 2021 Amazon ilitoa Them, mfululizo uliobuniwa na Little Marvin, ambao kila msimu una hadithi yake. Msimu wa kwanza ni wa mwaka 1953: familia ya watu weusi inahama kutoka North Carolina na kuingia Compton, California, katika mtaa wa wazungu. Majirani wanakaa mbele ya nyumba yao, wanapiga redio, wanatazama tu. Hilo peke yake linatosha kukausha mate. Lakini sehemu ya tano inaonyesha mtoto mchanga akiuawa na mama akibakwa, kwa urefu usiovumilika, na wachambuzi wengi weusi wa huko walikasirika wakisema maumivu ya watu wao yamegeuzwa kuwa bidhaa. Tunaona walikuwa na haki. Sisi wa Kivu tumeshapigwa picha vya kutosha tukiwa vidondani. Kamera zimeingia hospitalini, zimeingia kambini, zimewauliza kina mama wasimulie tena na tena. Mfululizo wetu wa kutisha usiendeleze kazi hiyo. Sehemu yenye nguvu ni redio ile na viti vile mbele ya nyumba.

Toka Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu toka Februari mwaka huo. Kila mwandishi wa habari wa huku anajua sentensi ambazo haziandiki, na wenzetu walio upande wa serikali wanazo zao. Wakati kama huu ndio uliomfanya Serling aende kwa watu wa Mars. Hadithi ya shimo la madini ambalo usiku linarudisha sauti za waliofukiwa humo, haitaji mwenye shimo. Hadithi ya kizuizi barabarani ambapo kila anayepita lazima ajibu swali, na jibu sahihi linabadilika kila siku, haitaji askari wa nani. Mkaaji wa Rubaya ataielewa ya kwanza, msafiri yeyote wa barabara zetu ataielewa ya pili, na msomaji wa maandiko aliyetumwa na mkubwa wake hataona la kukata.

Kwa mashirika yanayotoa fedha tunaomba jambo moja, na liandikwe katika mkataba kabla ya franka ya kwanza kutoka: mwisho wa hadithi ni wa mwandishi. Mtakaposoma maandiko na kukuta chifu hajasema neno la busara, mwacheni. Na vijana wenye kamera, mnaomjua yule mama wa nyuma ya parsele kwa jina, nendeni mumuulize siku yake inaanza namna gani. Muulizeni nani bado anamwitikia salamu. Kisha wekeni kamera ndani ya nyumba yake, ikitazama mlango, majira ya jioni, watu wakianza kukusanyika nje.